Riwaya gani usome? Mwongozo wa hadithi za Kiswahili kwa wasikilizaji wa Masasi na Newala

Kwa miaka mingi, kijana aliyefika kidato cha nne hapa Masasi, Newala au kwingineko Tanzania amekuwa akikutana na riwaya tatu: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Anazisoma kwa sababu zitatoka kwenye mtihani. Mtihani ukipita, kitabu kinamwendea mdogo wake, na wengi hawashiki riwaya nyingine tena.

Hiyo ni hasara kubwa. Kiswahili kina riwaya za upelelezi, za mapenzi, za kuliza, za kuchekesha, za kilimo, za vita na hata za safari za angani. Makala haya yanazipanga kulingana na hali ya msomaji, ili ujue uanzie wapi.

Kwa ufupi:

- Chagua riwaya kwa hali uliyo nayo: umechoka, una huzuni, una wasiwasi, au unataka kucheka na watoto.
- Riwaya nzuri huisaidia familia kuzungumza jambo zito bila kumtaja mtu.
- Kitabu kimoja kinatosha watu wengi kikisomwa kwa sauti.

Hadithi si ngeni hapa kwetu

Bibi anapowasimulia wajukuu habari za sungura na fisi, hamtaji mtu yeyote wa kijijini. Lakini mlafi aliyekaa pale barazani anajijua, na mjanja anayewadhulumu wenzake naye anajijua. Hakuna aliyetukanwa, na ujumbe umefika. Kazi hiyo ya ngano ndiyo inayofanywa pia na riwaya, ila riwaya ni ndefu zaidi na imeandikwa.

Masasi ina uhusiano wa zamani na hadithi zilizoandikwa. Edward Steere, mmisionari wa UMCA ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Mwaka 1876 ndiye aliyeongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka utumwani, na wakaanzisha makazi Masasi. Miaka 30 baadaye, mwaka 1906, mtafiti Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akiwa na fonografu, mashine ya kunasa sauti. Alirekodi nyimbo na kukusanya habari za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Sauti za watu wa hapa zilinaswa kabla redio haijafika Tanganyika.

Kwa hiyo anayesema riwaya ni mambo ya watu wa mjini hajakumbuka vizuri. Kilichopungua hapa kwetu ni vitabu vyenyewe, na habari za kipi ni kizuri.

Ukitaka fumbo: riwaya za upelelezi

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Mwandishi huyu aliwahi kuwa mhariri wa jarida la wakulima la Zanzibar lililoitwa Mkulima, na Kiswahili chake kina utamu wa watu wa Unguja.

Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kuvuta kiko na kufikiri taratibu, kama Sherlock Holmes wa Uingereza. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, mahali panapoogopwa. Watu wanaanza kunong'ona habari za mizimu. Bwana Msa hawadharau, lakini anauliza maswali yake: nani alikuwa wapi, nani anafaidika na kifo hiki, na nani anasema uongo?

Hapo ndipo kitabu hiki kinapotugusa. Vijijini kwetu mtu akifa ghafla, mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Wazee wamepoteza nyumba na hata maisha kwa uvumi wa aina hiyo katika sehemu mbalimbali za Tanzania. Ukisoma jinsi Bwana Msa anavyotenganisha uvumi na ushahidi, unajifunza kuuliza kabla ya kuhukumu.

Ukimpenda Bwana Msa, mfuate katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974).

Kama unataka mbio na risasi, mtafute Willy Gamba, jasusi wa Tanzania aliyebuniwa na Elvis Musiba. Kitabu cha kwanza ni Kufa na Kupona (1974), kisha Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Vitabu hivi vilizaliwa katika miaka ya vita vya ukombozi kusini mwa Afrika. Wazee wa huku wanaikumbuka miaka hiyo: wakimbizi wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wapiganaji wa FRELIMO wakiwa na kambi Nachingwea. Februari 3, 1969, kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Kwa msomaji wa siku zile, majasusi na njama hazikuwa mambo ya sinema tu.

Mwingine ni Ben Mtobwa, aliyefariki 2008. Mpelelezi wake anaitwa Joram Kiango. Mtobwa pia aliandika Dar es Salaam Usiku (1990), riwaya inayomwonyesha msomaji sura ya jiji baada ya jua kuzama. Kijana anayejiandaa kupanda basi kwenda kutafuta maisha huko angeisoma kwanza.

Ukitaka mapenzi

Riwaya ya mapenzi inayosifiwa zaidi ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar, anaozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Anaikimbia ndoa hiyo, ndugu zake wanamkataa, na anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke Mswahili mwenye moyo mkubwa. Kisha anakutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza na anayewindwa na polisi. Msomaji anajiuliza mpaka mwisho: mapenzi na siasa vinaweza kukaa nyumba moja?

Mwaka 2021 riwaya hii iligeuzwa filamu na mwongozaji Amil Shivji, ikaonyeshwa katika tamasha kubwa la filamu la Toronto, Kanada. Kama umeiona filamu, bado soma kitabu. Mazungumzo ya Yasmin na Mwajuma yana raha ambayo filamu haikuweza kuimaliza.

Mfadhili ya Hussein Tuwa ni ya siku za karibuni zaidi na inakwenda kasi. Inamhusu mwanamume aliyeumizwa na mapenzi hata akajifungia moyo wake, na ugonjwa unaokuja kuyapima mapenzi mapya. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameisoma darasani, lakini inafaa zaidi kusomwa jioni bila daftari pembeni.

Kutoka Kenya kuna Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kijana aliyelelewa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu anabaki yatima, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Walibora alikuwa pia mtangazaji, na unasikia katika maandishi yake mtu aliyezoea kusema na wasikilizaji. Alifariki Nairobi Aprili 2020. Mtoto yeyote aliyelelewa na mama au bibi peke yake atajiona ndani ya kitabu hiki.

Ukiwa na jambo zito nyumbani

Kuna mambo ambayo baba na binti hawawezi kuyasema wakitazamana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, inayasema kwa niaba yao.

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, katika kisiwa cha Ukerewe. Baba ni mlevi na mkali. Anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamchunga kama mbuzi wa kuchinja, lakini hamfundishi lolote kuhusu wanaume, mwili wake au maamuzi yake. Rosa anapoondoka nyumbani kwenda shule, anaanguka. Hatutakwambia mwisho wake. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya uwazi wake, baadaye kikaruhusiwa na kusomwa darasani. Kezilahabi alifariki Januari 2020.

Katika Masasi na Newala kitabu hiki kina mjadala wake wa pekee. Huku wasichana wana unyago na wavulana wana jando. Wapo wanaosema unyago unamfundisha binti mapema mno na kumtoa shuleni. Wapo wanaosema bila unyago binti hafundishwi na mtu. Rosa hakupata somo, wala mtu wa kumuuliza. Swali linabaki kwetu: binti wa leo, mwenye simu mkononi, anafundishwa na nani, lini, na nini? Na kwa kuwa kwa desturi za Wamakonde, Wamakua na Wayao mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, yeye naye asikae nje ya mazungumzo hayo.

Kuhusu UKIMWI kuna Ua la Faraja ya William Mkufya (2004). Inaingia katika nyumba zilizopigwa na ugonjwa na kuonyesha hofu, lawama, na pia huruma. Wasikilizaji wa zamani wa redio watakumbuka Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, wenye dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu. Ulipoanza, eneo la Dodoma liliachwa kwanza bila kuusikia ili watafiti walinganishe. Walikuta kwamba waliousikia walibadilika zaidi katika mambo ya uzazi wa mpango na kujikinga. Hadithi ya kubuni iliwafanya watu wa kweli wafanye maamuzi ya kweli.

Na zile tatu za kidato cha nne, zirudie ukiwa mtu mzima. Takadini inamhusu Sekai, mama aliyemzaa mtoto mwenye ualbino akakimbia naye ili asiuawe. Kila Mtanzania anajua jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa katika nchi hii. Watoto wa Mama N'tilie inawahusu watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, huku baba akimaliza fedha kwenye pombe. Joka la Mdimu ina baba anayehangaika kutafuta fedha za matibabu ya mwanawe. Ukiwa na miaka 17 uliandika dhamira zake kwenye daftari. Ukiwa na watoto wako mwenyewe utavisoma vitabu hivyohivyo kwa macho mengine.

Ukitaka hadithi ya mkulima

Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki 1962, aliandika Utubora Mkulima, iliyochapishwa 1968 baada ya kifo chake. Utubora ana kazi nzuri ya ofisini mjini. Anaiacha, anarudi shamba, anashika jembe. Jirani zake wanashangaa.

Huku kwetu safari ni ya upande mwingine. Kila mwaka vijana huondoka kwenda Dar es Salaam kufanya biashara ndogondogo, na neno machinga lenyewe linahusishwa na Wamachinga wa Lindi. Utubora hamlaumu anayeondoka. Anauliza tu: utajiri ni nini, na mtu anahitaji kiasi gani ili aishi kwa heshima? Swali hilo lina uzito wake wakati wa minada ya korosho, pesa inapoingia kwa wiki chache na kutoka kwa wiki chache.

Lakini usisome Shaaban Robert peke yake, kwa sababu shamba lake ni shamba la amani. Kezilahabi anakuonyesha upande wa pili. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), siasa ya Ujamaa inafika vijijini na kuvuruga maisha ya watu waliokuwa na mipango yao. Wazee waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, wakaacha mikorosho yao ya zamani, watakuwa na mengi ya kuongezea. Msomee babu sura moja, kisha mwache yeye aendelee.

Ukitaka kusoma na watoto

Chukua Adili na Nduguze (1952), pia ya Shaaban Robert. Mfalme anagundua kwamba Adili, mtu mwema na liwali wake, kila usiku anawachapa manyani wawili. Kwa nini? Manyani hao ni ndugu zake. Kuna majini, safari za baharini na miji iliyogeuka mawe. Ni kitabu chembamba, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukifuata kikisomwa polepole.

Kwa wakubwa kidogo kuna Kusadikika (1951). Ni nchi ya kubuni iliyoko angani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Akijitetea barazani, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko kutafuta mema ya nchi, na walivyolipwa adhabu waliporudi. Kiliandikwa wakati wa Waingereza, lakini diwani au mwenyekiti wa kijiji akikisoma leo hatasinzia.

Kiswahili chake kina maneno ya zamani. Usikwame. Ruka neno usilolijua, maana yake itakuja mbele.

Ukitaka maajabu

Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya (1995) inaanza na mtu aliyehukumiwa kufa. Anaingizwa kwenye chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa anafika nchi iitwayo Walenisi. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi. Katika nchi hiyo anajifunza jinsi watu wanavyoweza kuishi bila kunyonyana.

Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed wa Pemba (2001), mkubwa mmoja wa serikali anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa, akiwa na maswali kuhusu nchi ilivyoharibiwa. Nasi tunaojua kwamba marehemu bado wanahesabiwa katika ukoo hatutaona ajabu babu kurudi kuuliza.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi ni ngumu. Hazina mwanzo na mwisho ulionyooka. Lakini mtu aliyekua akiona vinyago vya Kimakonde vya shetani, vyenye jicho tumboni na mguu ukitokea kichwani, tayari anajua namna ya kuvitazama vitu kama hivi. Hukai ukiuliza kila kiungo kina maana gani. Unakizunguka kinyago chote kwanza. Soma hivyohivyo.

Ukitaka historia

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Huandika kwa Kiingereza. Mwaka 2022 riwaya yake ya 1994 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Yusuf ni mvulana wa miaka 12. Anachukuliwa na mfanyabiashara tajiri aliyezoea kumwita ami, kumbe ameshikwa rehani kwa deni la baba yake. Anasafiri na msafara wa biashara hadi bara, katika miaka ambayo Wajerumani wanaishika nchi na vita vinakaribia.

Vita hivyo vilifika hapa. Oktoba 1917 mapigano makali yalitokea Mahiwa, upande wa Lindi. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita uwanda wa Makonde, na Novemba 25 likavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Waliobeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili walikuwa Waafrika, na chakula chao kilitoka kwenye maghala ya wanakijiji. Ukimaliza Peponi, nenda kwa mzee mmoja wa ukoo wako umuulize alisikia nini kwa babu yake kuhusu miaka hiyo.

Haini ya Adam Shafi (2003) ni ya historia ya karibu zaidi. Inaeleza maisha ya kizuizini Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Karume Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Si kitabu cha kusoma ukiwa na huzuni.

Vitabu vipya na tuzo

Njia rahisi ya kupata kitabu kipya kizuri ni kufuata tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell ya Kiswahili ilianzishwa 2014. Miongoni mwa riwaya zilizotambuliwa nayo ni Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza, Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali, Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon na Kirusi Kipya ya Halfani Sudy.

Kama utachagua moja kati ya hizo, tunapendekeza Mungu Hakopeshwi. Inaingia ndani ya familia ya Zanzibar inayoishi chini ya baba dhalimu, na inamwonyesha msomaji jinsi dhuluma ya nyumbani inavyofichwa kwa jina la heshima. Kichwa chake kinatosha kuanzisha mazungumzo.

Serikali nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilitolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu.

Utavipataje?

Shule. Maktaba ya sekondari ndiyo akiba ya karibu zaidi. Mwombe mwalimu wa Kiswahili kwa adabu, andikisha jina, rudisha kwa wakati. Vitabu vingi vya Shaaban Robert, Kezilahabi na Adam Shafi vimewahi kusomwa darasani, kwa hiyo huenda viko kabatini.

Maktaba ya mkoa. Iko Mtwara mjini. Ukienda kwa shughuli nyingine, ingia uulize utaratibu wa kuazima.

Duka la vitabu. Maduka ya wilayani huuza zaidi vitabu vya shule, lakini muuzaji anaweza kukuagizia. Ukiwa na ndugu Dar es Salaam, mwambie anunue na kukutumia kwa basi la Masasi au Newala. Mwandikie jina la kitabu na la mwandishi, kwa sababu majina mengine yanafanana.

Simu. Waandishi wengi wa sasa huuza kazi zao kupitia simu, wengine hutoa sura chache bure ili uonje. Kitabu cha maandishi matupu hakili bando kubwa kama video. Kipakue mara moja ukiwa na mtandao mzuri, kisha ukisome hata pasipo na mtandao. Tahadhari moja: nakala zinazosambazwa kwenye makundi bila idhini ya mwandishi ni sawa na mtu kuvuna korosho za shamba lako usiku. Mwandishi asiyelipwa hataandika kitabu cha pili.

Namna ya kusoma pamoja

Kwa sababu vitabu ni vichache, tumia njia ya ngano: msomaji mmoja, masikio mengi.

1. Chagueni msomaji mwenye sauti na subira. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza sekondari na hana kazi ya kuitumia elimu yake.
2. Someni sura moja tu kwa siku, kama nusu saa. Kazi za msimu kama palizi na kupulizia salfa zikizidi, ahirisheni, msiache.
3. Acheni mahali panapotamanisha. Watu watarudi kesho.
4. Zungumzeni kuhusu watu wa kitabuni. Msiseme "kama baba fulani". Semeni "huyu Zakaria". Anayehusika atasikia, na heshima yake itabaki.
5. Mama na mabinti wakitaka kusoma Rosa Mistika peke yao, waacheni. Baadaye wajomba na baba nao wasome.

Hatua ya nne ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mlevi akiambiwa mlevi atagomba. Akisikia habari za baba wa Watoto wa Mama N'tilie, anaweza kunyamaza, na kunyamaza huko ni mwanzo.

Jambo moja limebaki. Riwaya nyingi tulizozitaja zimewekwa Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Ukerewe, Kenya, Zimbabwe, au katika nchi za kubuni. Hakuna hata moja iliyowekwa chini ya majabali ya Masasi, wala Newala penye Shimo la Mungu ambapo unaitazama Ruvuma kwa chini. Hakuna iliyoanzia kwenye mnada wa korosho, kwenye foleni ya maji, au katika nyumba ambayo mjomba na baba wanavutana juu ya mtoto. Hadithi hizo zipo midomoni mwa watu. Tuzo ya Nyerere hupokea miswada ya Watanzania, na bingwa hupewa fedha na kitabu chake kuchapishwa. Anayetaka kuandika aanze kwa kusoma mbili au tatu kati ya hizi, kisha anunue daftari.